Ukubwa wa Jeraha Huamuliwa Mapema: Upasuaji wa Matundu Madogo kwa Uvimbe wa Tumbo

Katika tiba ya uvimbe wa tumbo, yaani ule unaoota kwenye mfuko wa chakula ulio kati ya umio na utumbo mwembamba, ukubwa wa jeraha atakaloondoka nalo mgonjwa hospitalini huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla hajaingizwa kwenye chumba cha upasuaji. Kinachouamua ni kina ambacho uvimbe umekwisha kufikia ndani ya ukuta wa tumbo siku unapogunduliwa, kwa kuwa uvimbe ulioishia kwenye utando wa ndani unaweza kuondolewa kwa kifaa kilichopitishwa mdomoni bila ngozi kuguswa, uliozama zaidi ukaondolewa kupitia matundu matano yasiyozidi upana wa kidole, na uliokwisha kutoboa ukuta na kusambaa ukawa hauondoleki hata kwa mpasuo mrefu kuliko yote. Upasuaji wa matundu madogo, ambao katika miaka 30 iliyopita umebadilisha kabisa matibabu ya maradhi haya nchini Japan na Korea Kusini, mara nyingi huelezwa kuwa ni ushindi wa mitambo na mikono ya madaktari bingwa. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mpango wa kuwachunguza watu ambao bado wanajiona wazima, na bila mpango huo mitambo hiyo ingebaki na kazi ndogo sana ya kufanya.

Ukubwa wa tatizo lenyewe haubishaniwi. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu wapatao 968,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya tumbo, na watu wapatao 660,000 walifariki kwa ugonjwa huo katika mwaka huo huo. Si kila uvimbe wa tumbo ni saratani, na si kila saratani ya tumbo huchipuka mahali pamoja. Iliyo ya kawaida zaidi, iitwayo adenokasinoma, huanzia kwenye seli za tezi zinazotoa ute na asidi. Ipo limfoma, ambayo hutokana na seli za kinga na ambayo aina yake mojawapo huweza kutoweka kwa dawa za kuua bakteria peke yake. Upo pia uvimbe ujulikanao kwa kifupi cha GIST, unaoota ndani ya msuli wa ukuta wa tumbo na wenye tabia tofauti kabisa na saratani ya kawaida, kama itakavyoelezwa.

Ili kuelewa kwa nini kina ndicho kinachotawala kila uamuzi, ni lazima kwanza ukuta wa tumbo ufahamike. Una matabaka makuu manne. La ndani kabisa, linalogusana na chakula, ni utando telezi. Chini yake lipo tabaka laini lenye mishipa mingi ya damu na ya limfu. Linafuata tabaka la msuli mnene unaosaga chakula. Na kwa nje kabisa upo utando mwembamba unaoufunika mfuko wote. Mishipa ya limfu ni mifereji myembamba inayoyarudisha maji ya mwili kwenye damu kwa kuyapitisha kwanza kwenye tezi ndogo ndogo, ambazo watu wengi huziita mitoki, na ndiyo njia kuu ambayo seli za saratani huitumia kusafiri. Saratani ambayo bado imo ndani ya utando telezi huwa imefika kwenye tezi hizo kwa takriban wagonjwa 3 tu kati ya 100, lakini ikishafika kwenye tabaka la pili kiwango hicho hupanda hadi karibu wagonjwa 20 kati ya 100, ingawa tofauti kati ya matabaka hayo mawili haifiki hata unene wa milimita chache. Katika milimita hizo ndimo ilimo tofauti kati ya kulala hospitalini siku chache na kuondolewa theluthi mbili za tumbo.

Upasuaji wa tumbo ulianza katika zama ambazo hakuna aliyeweza kuupima umbali huo. Jules Péan wa Paris alijaribu mwaka 1879 kukata sehemu ya chini ya tumbo yenye saratani na Ludwik Rydygier wa Poland akajaribu mwaka 1880, na wagonjwa wote wawili walifariki muda mfupi baadaye. Tarehe 29 Januari 1881, jijini Vienna, Theodor Billroth alimfanyia upasuaji huo mwanamke wa miaka 43 aliyekuwa hawezi tena kupitisha chakula, akaikata sehemu iliyoziba na kuuunga mwanya uliobaki kwenye utumbo mwembamba, na mgonjwa akapona jeraha lake. Alifariki baada ya miezi minne hivi kwa sababu saratani ilikuwa imekwisha kusambaa. Historia ya udaktari humkumbuka Billroth kwa ustadi wa mshono wake, na ni haki, lakini kisa chake kinafundisha jambo ambalo halijabadilika hadi leo: mshono uliofaulu haumwokoi mgonjwa ambaye ugonjwa wake umegundulika baada ya kutoka nje ya tumbo.

Kwa hiyo juhudi za kuona ndani ya mwili ziliendelea sambamba na juhudi za kukata. Mwaka 1868, mjini Freiburg, Adolf Kussmaul alikuwa amepitisha mrija mgumu hadi tumboni mwa mtu aliyejipatia riziki kwa kumeza panga mbele ya watazamaji, kwa kuwa ni mtu wa kazi hiyo pekee aliyeweza kuuvumilia. Ilipita karibu karne nzima kabla Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi katika jimbo la Michigan nchini Marekani, hajaonyesha mwaka 1957 mrija unaopindika uliojaa nyuzi za kioo zinazosafirisha mwanga na taswira. Huko Japan, tangu mwaka 1950, Tatsuro Uji na wahandisi wa kampuni ya Olympus walikuwa wamekwisha kutengeneza kamera ndogo ya kumezwa iliyopiga picha za ukuta wa tumbo kwenye filamu. Kutokana na njia hizo mbili kilizaliwa kipimo cha endoskopia kinachotumika leo, ambacho wagonjwa wa Afrika Mashariki hukiita kipimo cha kamera, na ambacho humwezesha daktari si kuona tu bali pia kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha utando kinachopelekwa kwa mtaalamu wa patholojia ili akichunguze kwa hadubini.

Njia nyingine ya kuona ndani ya mwili haikupitia mdomoni bali kwenye ngozi. Georg Kelling wa Ujerumani alionyesha mwaka 1901, kwa kumtumia mbwa, kwamba fumbatio, ambalo ni uwazi wa mwili wenye tumbo, ini, wengu na utumbo, linaweza kujazwa hewa na kutazamwa kwa darubini nyembamba, na mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm alichapisha taarifa za kuitumia njia hiyo kwa binadamu. Kwa miongo mingi ilibaki njia ya kutazama tu. Erich Mühe alipoutoa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo tarehe 12 Septemba 1985 katika mji wa Böblingen, na mwaka uliofuata akaieleza kazi yake mbele ya chama cha madaktari wapasuaji wa Ujerumani, alipokewa kwa dharau. Chama hicho hicho kilimtunuku heshima mwaka 1992, wakati njia aliyoianzisha ilikuwa imekwisha kuenea duniani kote. Hata hivyo mfuko wa nyongo una mshipa mmoja mkuu wa damu na mrija mmoja wa kufunga, ilhali tumbo hulishwa na mishipa mikubwa minne pamoja na mingine mifupi inayotoka upande wa wengu, limeegemea kongosho kwa nyuma, na likikatwa ni lazima njia ya chakula iungwe upya. Hii ndiyo sababu wengi waliamini kwamba saratani ya tumbo haitatibiwa kwa matundu madogo, hadi Seigo Kitano na wenzake wa Japan walipofanya upasuaji wa kwanza wa aina hiyo mwaka 1991 kwa mgonjwa ambaye saratani yake ilikuwa bado changa.

Upasuaji wenyewe unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa jina lake huwafanya wengi wadhani kwamba kinachofanyika ndani nacho ni kidogo. Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi mzito, kisha tundu la kwanza hutobolewa kwenye kitovu na kupitia hapo hupulizwa hewa ya ukaa hadi shinikizo la takriban milimita 12 za zebaki, ili ukuta wa fumbatio uinuke na kuwaachia madaktari nafasi ya kufanyia kazi. Hewa hiyo huchaguliwa kwa sababu haiwaki vifaa vya umeme vinapotumika, na kwa sababu huyeyuka upesi katika damu ikatolewa kwa pumzi; lakini kwa kuwa hulisukuma juu tando la kupumulia na kuongeza ukaa katika damu, mtaalamu wa usingizi hulazimika kuufuatilia moyo na mapafu kwa makini zaidi kuliko kawaida, na baadhi ya wagonjwa huamka na maumivu ya mabega kwa siku moja au mbili. Matundu mengine manne hufuata, kila moja likiwekewa trokari, yaani mrija mgumu wenye vali wa upana wa milimita 5 hadi 12, ambao kamera, koleo, mkasi na kisu kinachokata na kuziba mishipa kwa mtetemo wa mawimbi ya sauti hupitia humo bila hewa kutoroka.

Kuanzia hapo daktari hafanyi kazi ndogo kuliko ile ya mpasuo mkubwa. Hutenganisha tumbo na utando wa mafuta ulioning'inia chini yake, huifunga mishipa ya damu mmoja baada ya mwingine pale inapoanzia, na hukusanya tezi za limfu zilizoizunguka, kwa kuwa upasuaji wa saratani ya tumbo usiogusa tezi hizo ni upasuaji wa nusu. Wataalamu wa Japan wamezipa tezi hizo namba kulingana na mahali zilipo, na kanuni za kimataifa zinataka angalau tezi 16 zichunguzwe kwa hadubini ndipo hatua ya ugonjwa iweze kutajwa kwa uhakika. Sehemu ngumu kuliko zote ni ukingo wa juu wa kongosho, ambako tezi zimeshikamana na mishipa mikuu ya ini na wengu. Kongosho likichubuliwa huvujisha maji yake yenye nguvu ya kumeng'enya nyama, na hapo mgonjwa aweza kupata jipu au kutokwa damu siku kadhaa baada ya upasuaji uliodhaniwa kufaulu. Faida ya kamera huonekana wazi hapo, kwa kuwa huikuza picha na kumfikisha daktari kwenye pembe ambazo macho yake, akiwa amesimama juu ya mpasuo mrefu, yasingezifikia kirahisi.

Uvimbe ukiwa sehemu ya chini ya tumbo huondolewa takriban theluthi mbili zake, na ukiwa juu mara nyingi huondolewa tumbo lote. Kipande kilichokatwa hutiwa kwenye mfuko wa plastiki na kutolewa kupitia tundu la kitovuni lililopanuliwa kwa sentimita chache, kisha njia ya chakula huungwa upya, ama kwa kuunganisha tumbo lililobaki na mwanzo wa utumbo mwembamba kama Billroth alivyofanya, ama kwa kulivutia kitanzi cha utumbo kwa mtindo wa herufi Y unaobeba jina la César Roux wa Lausanne. Kazi hii yaweza kufanywa yote ndani kwa stepla, yaani vifaa vinavyokata na kushona kwa pini ndogo za metali kwa pigo moja, au kufanywa nje kwa mkono kupitia mpasuo mfupi, kama ilivyokuwa katika miaka ya mwanzo. Njia hii ya pili haivutii macho, lakini hupunguza matumizi ya stepla za bei kubwa zinazotupwa baada ya mgonjwa mmoja, na kwa hospitali zisizo na fedha nyingi hilo si jambo la kupuuzwa.

Ikumbukwe pia kwamba udogo wa matundu haubadilishi kilichoondolewa. Mtu aliyebaki na theluthi moja ya tumbo hulazimika kula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, aweza kupatwa na kizunguzungu, jasho na mapigo ya moyo baada ya mlo kwa sababu chakula huingia utumboni kwa kasi, na aliyeondolewa tumbo lote huhitaji sindano za vitamini B12 kwa maisha yake yote, kwa kuwa tumbo ndilo lililokuwa likitoa kiungo cha kuisaidia vitamini hiyo kufyonzwa. Mambo haya yangepaswa kuelezwa kwa mgonjwa na kwa wanaompikia kabla ya upasuaji.

Je, njia hii inawatibu wagonjwa sawasawa na mpasuo mkubwa? Swali hili lilijibiwa kwa uvumilivu mkubwa katika Asia ya Mashariki, kwa majaribio ambayo wagonjwa waligawanywa kwa nasibu katika makundi mawili na kufuatiliwa kwa miaka. Katika jaribio la Korea Kusini liitwalo KLASS-01, lililohusisha wagonjwa 1,416 wenye saratani ya hatua ya mwanzo, waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 94.2 kwa waliofanyiwa kwa matundu madogo na asilimia 93.3 kwa waliopasuliwa kwa kawaida, na matatizo ya jeraha yalikuwa asilimia 3.1 dhidi ya 7.7. Jaribio la Japan la wagonjwa 921 lilitoa picha hiyo hiyo, likionyesha pia kwamba upasuaji wa matundu huchukua muda mrefu zaidi lakini humwaga damu kidogo. Nchini China wagonjwa 1,056 wenye saratani iliyopea zaidi walifuatiliwa, na baada ya miaka mitatu asilimia 76.5 ya waliofanyiwa kwa matundu walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa, ikilinganishwa na asilimia 77.8 ya wenzao, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito.

Matokeo ya Ulaya yanastahili kuwekwa kando ya hayo bila kufichwa. Katika jaribio la Uholanzi liitwalo LOGICA, lililohusisha wagonjwa 227 katika hospitali 10, makundi yote mawili yalikaa hospitalini siku 7 kwa wastani wa kati, na matatizo baada ya upasuaji yalikuwa asilimia 44 kwa matundu na 42 kwa mpasuo. Kwa maneno mengine, pale ambapo wagonjwa wengi hufika na ugonjwa uliopea na uuguzi baada ya upasuaji tayari ni wa kiwango cha juu, matundu madogo hayakuwaharakisha kurudi nyumbani. Anayeyasoma majaribio haya kwa pamoja hana budi kukubali kwamba faida ya matundu ni ya kweli lakini ni ya kiasi, na kwamba huonekana zaidi kwa mgonjwa ambaye saratani yake imewahiwa.

Ustadi nao una bei yake. Uholanzi hiyo hiyo ilipojaribu katika miaka ya 1990 kuiga ukusanyaji mpana wa tezi uliokuwa ukifanywa na Wajapani, vifo vya hospitalini vilifikia asilimia 10 kwa wagonjwa waliofanyiwa hivyo, ikilinganishwa na asilimia 4 kwa waliokusanywa tezi za karibu tu, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba madaktari wa hospitali nyingi walifanya upasuaji huo mara chache mno kwa mwaka. Ni vigumu kuiona sababu ya kudhani kwamba kuongeza kamera na trokari juu ya upasuaji usiofanywa mara kwa mara kutaleta matokeo tofauti. Nchi inayotaka kuanzisha huduma hii hufanya vyema kuikusanya katika vituo vichache vinavyopokea wagonjwa wengi kuliko kukitapanya kila kifaa kipya katika kila hospitali ya rufaa.

Kwa uvimbe wa GIST hali ni nyepesi kidogo, na ndiyo maana matundu madogo yaliufaa mapema. Mwaka 1998 Seiichi Hirota na wenzake wa Osaka waligundua kwamba wengi wa uvimbe huu husababishwa na hitilafu katika jeni iitwayo KIT, ugunduzi uliofungua mlango wa dawa ya imatinibu kwa wagonjwa ambao kabla ya hapo hawakuwa na tiba. GIST husafiri kwa nadra sana kupitia tezi za limfu, hivyo hutosha kuukata wenyewe pamoja na ukingo mdogo wa ukuta uliouzunguka na kuliacha tumbo lililobaki likiendelea na kazi yake. Sharti moja halina msamaha: uvimbe usipasuke, kwa kuwa ukipasuka seli zake humwagika ndani ya fumbatio na kuota upya. Kwa uvimbe ulio karibu na mdomo wa tumbo, ambako kukata ovyo huweza kuuziba, Naoki Hiki na wenzake wa Tokyo walieleza mwaka 2008 njia ambayo madaktari wawili hufanya kazi kwa pamoja, mmoja akichora na kukata mzingo wa uvimbe kutoka ndani kwa endoskopia na mwingine akiumalizia kutoka nje kwa matundu, ili kisikatwe hata kipande kimoja cha ukuta kisichostahili kukatwa.

Lakini mafanikio makubwa kuliko yote ni yale yasiyogusa ngozi kabisa. Kwa saratani iliyomo ndani ya utando telezi, daktari wa endoskopia huweka alama kuuzunguka uvimbe, hudunga maji chini yake ili utando uinuke na kutengana na msuli, kisha huukata mzingo na kuuchuna wote kwa kipande kimoja, kazi ifananayo na kumenya ganda jembamba la embe bila kuigusa nyama yake. Kisu kilichowezesha hilo kilibuniwa katika Kituo cha Taifa cha Saratani jijini Tokyo katika miaka ya 1990, na ncha yake imefunikwa kwa kitufe cha kauri kisichopitisha umeme ili isiutoboe ukuta. Msingi wa kuthubutu haukuwa kisu bali kumbukumbu: mwaka 2000 Takuji Gotoda na wenzake walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 5,265 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa kawaida na kukusanywa tezi, na miongoni mwa 1,230 waliokuwa na saratani ya aina isiyo kali, iliyoishia ndani ya utando telezi na isiyozidi sentimita 3, hakuna hata mmoja ambaye tezi zake zilikutwa na ugonjwa. Wagonjwa hao walikuwa wamepoteza sehemu ya tumbo kwa ajili ya tezi zilizokuwa safi, na kumbukumbu zao zilizotunzwa kwa uangalifu ndizo zilizowaepusha waliofuata.

Tiba hiyo ina hatari zake, zikiwemo kutoboka kwa tumbo na kutokwa damu baadaye, jambo linalowapata takriban wagonjwa 5 kati ya 100. Zaidi ya hapo, tumbo lililohifadhiwa ni lile lile lililozaa saratani ya kwanza. Kisababishi chake kikuu ni bakteria aitwaye Helikobakta pailori, aliyetambuliwa na Robin Warren na Barry Marshall huko Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliopewa dawa za kumwondoa bakteria huyo baada ya uvimbe kuchunwa walipata saratani nyingine kwa kiwango cha asilimia 7.2, ilhali wasiopewa walifikia asilimia 13.4.

Hakuna lolote kati ya haya lingewezekana bila wagonjwa wa hatua ya mwanzo kupatikana kwa wingi. Wataalamu wa Japan walikubaliana tangu mwaka 1962 juu ya maana ya saratani changa ya tumbo, kwamba ni ile isiyovuka matabaka mawili ya ndani, na katika muongo huo huo uchunguzi wa picha za eksirei kwa watu wasio na dalili ukaanza kuenea hadi vijijini kwa magari maalumu. Korea Kusini ilianzisha mpango wake wa taifa mwaka 1999, na kila aliyefikisha umri wa miaka 40 huitwa kuchunguzwa kila baada ya miaka miwili. Leo katika nchi zote mbili zaidi ya nusu ya saratani za tumbo hugunduliwa zikiwa bado changa.

Katika Afrika Mashariki hali ni kinyume chake, na hili si suala la mbali. Kwa miongo mingi madaktari wameona kwamba ugonjwa huu hutokea zaidi katika nyanda za juu zinazolizunguka eneo la Maziwa Makuu, zikiwemo Rwanda, Burundi, kusini-magharibi mwa Uganda na mashariki mwa Kongo, pamoja na miteremko ya Kilimanjaro. Wagonjwa walio wengi hufika wakiwa wamekonda, wakitapika chakula walichokula jana, na nyuma yao kuna miezi au miaka ya kununua dawa za vidonda vya tumbo dukani. Dawa za kupunguza asidi hutuliza maumivu hata ya saratani changa, na utulivu huo humwondolea mtu sababu ya kutafuta kipimo. Mtu aliyevuka miaka 40 ambaye kiungulia au maumivu ya chembe ya moyo yameanza upya, au yanaambatana na kupungua uzito, upungufu wa damu, kinyesi cheusi au kushiba upesi, anahitaji kipimo cha kamera na si dozi nyingine ya dawa. Na mhudumu wa zahanati anayeliandika hilo kwenye karatasi ya rufaa hufanya kazi yenye uzito sawa na ya daktari bingwa.

Uchunguzi wa watu wote kwa mtindo wa Korea Kusini haulingani na uwezo wa bajeti za eneo hili, wala huenda usihitajike mahali ambapo ugonjwa si mwingi. Kinachohitajika kwanza ni endoskopia zinazofanya kazi katika hospitali za nyanda hizo, wauguzi wanaojua kuzisafisha, na maabara za patholojia zinazorudisha jibu la kinyama kwa siku na si kwa miezi. Mafunzo ya upasuaji wenyewe yamesogea karibu: kituo cha IRCAD Africa, tawi la taasisi iliyoanzishwa na Jacques Marescaux mjini Strasbourg mwaka 1994, kilizinduliwa Kigali mwaka 2023 kwa ajili ya kuwafundisha madaktari wa bara hili upasuaji wa matundu madogo.

Na ipo kazi moja ambayo matundu hayo yanaweza kuifanya sasa hivi, hata kabla ya yeyote kuthubutu kukata tumbo kwa njia hiyo. Mbegu ndogo za saratani zilizotapakaa juu ya utando wa fumbatio mara nyingi hazionekani kwenye picha za sitiskani, na daktari huzikuta akiwa tayari amempasua mgonjwa kutoka chembe ya moyo hadi kitovuni, ambapo hana la kufanya ila kumshona tena. Kamera iliyopitishwa kwenye tundu moja la kitovuni, na koleo kwenye la pili la kuchukulia kinyama, huonyesha kama mbegu hizo zipo, tena kwa muda mfupi na kwa vifaa ambavyo hospitali nyingi za rufaa tayari huvitumia kwa mfuko wa nyongo na kwa maradhi ya uzazi. Mgonjwa aliyekutwa na mbegu hizo huweza kuruhusiwa kesho yake au keshokutwa akiwa na majeraha mawili ya urefu wa sentimita moja, akaanza tibakemikali au tiba ya kupunguza maumivu bila kusubiri wiki kadhaa mpasuo mrefu ukauke. Na aliyekutwa hana, huandaliwa kwa upasuaji wa kuponya akiwa na sababu ya kuuvumilia.